Kufundisha wafanyakazi kuripoti kemikali hatari chini ya EPCRA, sheria ya Marekani ya 1986 ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua
Anzia stoo, si darasani. Kila mfanyakazi ashike karatasi ya usalama ya kemikali anayoitumia, kisha ajumlishe kiasi chote kilichopo kiwandani kwa wakati mmoja. Ripoti ya mwaka, ambayo mwisho wake ni Machi 1, huhitajika kemikali ya kawaida ikifika pauni 10,000. Zile zenye hatari kubwa mno ni pauni 500 au kiwango ambacho sheria imeiwekea kila moja kwa mpango wa dharura, chochote kilicho kidogo zaidi. Kwa klorini ni pauni 100 tu. Betri za foklifti ndizo husahaulika zaidi: asidi ya salfa iliyomo nayo huhesabiwa.

Kuvuja kuna viwango vingine, na hapa watu huchanganya. Klorini ni pauni 10, amonia 100, zikivuja ndani ya kipindi cha saa 24. Simu hupigwa papo hapo kwa kamati ya eneo ya mipango ya dharura, tume ya jimbo ya dharura na kituo cha taifa cha kupokea taarifa za uvujaji. Taarifa ya maandishi hufuata. Fanya zoezi zamu ya usiku, msimamizi akiwa hayupo, uone nani ataishika simu na kutaja kemikali, kiasi, saa na upande ilikoelekea.