Somo: Kutoka Moshi hadi Lalibela, kwa Anayetaka Kusali na Kuishi na Wenyeji

Ndugu wanachama, wengi wenu mmeniomba nieleze namna ya kwenda Ethiopia kuyaona makanisa ya Lalibela, yaliyochongwa ndani ya mwamba na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978. Nawaomba jambo moja kabla ya yote: safari hii ipangeni kwa kufuata kalenda ya sala na mifungo ya wenyeji, waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, kisha ndipo mtafute tiketi.

Hatua ya kwanza: kalenda na saa. Mwaka wa Kiethiopia una miezi 13, yaani 12 yenye siku 30 kila mmoja na wa mwisho wenye siku tano au sita, na uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Krismasi yao, Genna, huangukia 7 Januari, na Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Bwana, huwa 19 Januari au, baadhi ya miaka, 20 Januari. Siku hizo Lalibela hufurika mahujaji waliojitanda nguo nyeupe, na chumba cha kulala ni shida kupatikana. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mimi napendekeza Jumapili ya kawaida ya Oktoba au Novemba, mvua kubwa zikishapita, kwa sababu hapo utawaona watu wakisali kama wanavyosali kila juma.

Kuhusu saa, sisi tuna bahati, kwani Waethiopia huhesabu kama Waswahili: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na baada yake ni saa moja. Tatizo huja mnapozungumza Kiingereza. Dereva mmoja aliniambia kwa lugha hiyo kwamba angenifuata saa mbili, nami nikahesabu Kizungu nikaelewa saa nane mchana. Alikuja saa mbili asubuhi, akanikosa, na siku yangu nzima ikapotea. Tangu hapo sikubali miadi bila kuuliza kama ni asubuhi au mchana.

Hatua ya pili: nyaraka. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita, na masharti ya viza yaulizwe ubalozini, si kwa rafiki aliyesafiri zamani. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, na kadi yake isikae kwenye begi kubwa, kwa kuwa utadaiwa hata unaporudi nyumbani.

Hatua ya tatu: njia na usalama. Ndege kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, hadi Addis Ababa huchukua muda usiofika saa tatu, kisha unapanda nyingine ya ndani hadi Lalibela. Pumzika siku ya kwanza, kwani Lalibela iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500, na sisi wa Moshi mjini tumezoea hewa ya chini zaidi. Jambo zito zaidi ni kwamba mkoa wa Amhara, uliko mji huo, umekuwa na mapigano tangu 2023. Hali isiporuhusu, usilazimishe. Baki Addis Ababa usali katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa Haile Selassie mwaka 2000.

Hatua ya nne: kuingia kanisani. Makanisa ni 11, nayo yanahusishwa na Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala kati ya mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13. Mafundi hawakujenga kutoka msingi kwenda juu, bali walianza juu ya mwamba wakashuka wakichonga, ndiyo maana ukifika Bete Giyorgis, yaani kanisa la Mtakatifu George, unaliona kwanza paa lenye umbo la msalaba likiwa usawa wa miguu yako. Viatu huvuliwa mlangoni. Chukua soksi nene, kwa sababu jiwe la sakafuni ni baridi na limechimbika kwa nyayo za karne nyingi, kiasi kwamba kisigino kinatumbukia kwenye shimo dogo usilolitazamia gizani. Wanawake husimama upande wao na wanaume wao. Waumini husimama saa nyingi wakiegemea fimbo ndefu ya sala, hivyo usiketi mbele yao ukiwasha kamera. Nyuma ya pazia la patakatifu huingia makuhani na mashemasi peke yao.

Hatua ya tano: kahawa. Sisi tunaolima kahawa mlimani tuitazame hii kwa makini. Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni, huosha buni, huikaanga juu ya mkaa, kisha huzungusha kikaango ili kila mgeni anuse moshi. Huitwanga, huichemsha kwenye jebena, chombo cha udongo chenye shingo nyembamba, na kuimimina mara tatu. Mmino wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, na wa tatu, sikilizeni, huitwa baraka.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mlutheri wa Kiboriloni. Je, naweza kushiriki meza ya Bwana huko?*
Marahaba. Hapana, ushirika ni wa waumini wao waliobatizwa katika kanisa hilo. Kushiriki sala ukiwa umesimama kwa heshima kunakaribishwa.

*Kaka, sisi Waislamu tuna pa kwenda?*
Ndiyo, nendeni Harar. Mji wa kale uliozungushiwa ukuta una misikiti 82, mitatu kati yake ikiwa ya karne ya 10. Mnashukia Dire Dawa na kumalizia kwa gari.

*Siku za mfungo nitakula nini?*
Jumatano na Ijumaa waumini hawali nyama, maziwa wala mayai. Utapata injera, mkate mwembamba wa nafaka iitwayo teff, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa mikunde, na utashiba vizuri.

*Mwalimu, nina presha. Naweza kuaga baada ya kikombe cha kwanza?*
Mama yangu, mweleze mwenye nyumba mapema, naye atakumiminia kidogo. Vikombe ni vidogo visivyo na mkono, na mmino wa tatu ndio mwepesi kuliko yote, kwa sababu unga ni uleule ulioongezewa maji. Usinyanyuke kabla ya baraka, hata kama utaigusisha midomo tu.