Kuua bakteria wenye plasmidi kabla taka hazijatoka maabara

Maelekezo ya taka yanayobandikwa ukutani kwenye maabara nyingi za vinasaba huwa mistari miwili: klorini moja kwa kumi, au otoklevu (chombo cha mvuke wa presha cha kuua vijidudu) ya 121 °C kwa geji (presha inayozidi ile ya hewa) ya psi 15. Aliyeyaandika alikuwa na klorini ya 5.25% na alikaa karibu na usawa wa bahari. Wewe uliye Nairobi, mita kama 1,800 juu, na chupa ya Jik (dawa ya klorini ya dukani) ya 3.5%, mistari yote miwili inakupunja.

Tuchukue kazi ya kila siku: E. coli aina ya DH5α aliyetiwa plasmidi (kipande kidogo cha DNA cha mviringo) yenye jeni la usugu wa ampisilini, dawa ya kuua bakteria. Huyu ni wa K-12, ukoo wa maabara, dhaifu, asiyedumu vizuri utumboni mwa mtu, na ndiyo sababu hufanyiwa kazi kwenye maabara ya ngazi ya 1, ya hatari ndogo kabisa. Kinachotia wasiwasi zaidi ni lile jeni. Likipita kwenye sinki hadi majitaka, bakteria wengine wanaweza kulipokea. Hivyo kuua seli hakutoshi, DNA nayo lazima iharibiwe. Spiriti ya 70% huua seli lakini huiacha DNA salama. Ifutie meza, usiitegemee kwa taka.

Taka za majimaji

Soma asilimia kwenye lebo kwanza. Jik ya 3.5% ukiichanganya moja kwa kumi unapata 0.35%, wakati kiwango kinachotafutwa ni angalau 0.5%. Kwa maji ya kusuuzia vyombo, tia mililita 100 za Jik kwenye mililita 600 za taka, upate 0.5%. Kalcha (bakteria waliooteshwa kwenye supu ya lishe) nzito iliyokua usiku kucha ni habari nyingine: protini na mabaki ya hamira yaliyomo kwenye supu hiyo hula klorini kabla haijawafikia bakteria. Hapo lenga 1%, yaani mililita 400 kwa kila lita ya kalcha. Tikisa taratibu, acha dakika 30, kisha mwaga kwa maji mengi. Supu ikibaki na rangi yake ya kahawia, shuku Jik yako. Iliyokaa dirishani juani hupoteza nguvu haraka. Mchanganyiko wa kufutia nao ufanywe upya kila siku.

Makosa mawili hapa ni ya hatari. Taka iliyotiwa klorini haiingii kwenye otoklevu, maana joto hutoa gesi ya sumu. Na maji yanayotoka kwenye seti za vifaa vya kuchuja DNA yana chumvi za guanidini, ambazo zikikutana na klorini hutoa gesi za sumu pia. Yaweke kwenye chupa yake, yenye lebo, yaende na taka za kemikali.

Sahani za kuoteshea, ncha za pipeti na mirija

Kinachoua ni joto la mvuke usio na hewa. Presha ni njia tu ya kulifikia. Ili mvuke ufike 121 °C unahitaji presha kamili ya kPa 205 hivi. Pwani, hewa yenyewe inachangia kPa 101, geji inamalizia. Nairobi hewa inachangia 82 tu, kwa hiyo psi 15 za geji zinakupeleka 118 °C hivi, na digrii hizo tatu hukata kasi ya kuua spora (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu) karibu nusu. Kama mashine imeidhinishwa kubeba, panda hadi psi 18. Kama ni ya uzito usiobadilika, kwa namna ya sufuria ya presha, usiuguse uzito wala vali: ongeza muda mara mbili. Mashine inayojiendesha kwa kipimajoto cha ndani haina shida hii.

Mfuko ujae theluthi mbili, usizidi. Mwagia ndani mililita 200 za maji, acha mdomo wazi, usimame kwenye trei ya chuma. Mfuko uliofungwa kwa nguvu hunasa hewa, na sahani za katikati hubaki vuguvugu huku utepe wa nje, ule unaobadilika rangi kwa joto, umegeuka mweusi vizuri kabisa. Utepe unaeleza habari za nje tu. Acha vali ipumue hadi mvuke utoke mfululizo ndipo uifunge, na anza kuhesabu dakika 60 joto likishafika, si ulipowasha swichi.

Kila mwezi zika kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus katikati ya mzigo, kisha kioteshe kwenye 55–60 °C kwa saa 48, pamoja na kingine ambacho hakikupikwa. Ambacho hakikupikwa kisipoota, kipimo chote ni bure.

Kalcha ikimwagika

Ikiwa chupa imepasuka na matone yamerukia hewani, toeni watu, fungeni mlango, subirini dakika 30. Rudi na glavu, koti na miwani ya kinga. Funika kwa karatasi za kufyonza, mimina klorini ya 1% ukianzia ukingoni kuelekea katikati ili usisambaze, ngoja dakika 30. Vipande vya kioo vishikwe kwa koleo. Chuma cha pua kifutwe kwa maji mwishoni, la sivyo klorini itakiachia vidoti vya kutu.