Fungua majalada uliyoyafunga: kuboresha usimamizi wa mashauri ya watoto

Ukifanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri, unalijua kabati la majalada yaliyofungwa. Hufunguliwa mkaguzi akija. Nami nililiacha hivyo kwa miaka, na ninaandika haya kwa sababu wapo watoto ambao tungewahudumia vizuri zaidi kama ningelifungua mapema.

Mwongozo huu ni kwa maafisa ustawi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoshughulikia ukatili dhidi ya watoto. Kuanza hakuhitaji bajeti. Daftari, kalamu na nusu siku kwa mwezi vinatosha.

Hatua ya 1: Pima saa

Toa majalada 20 yaliyofungwa karibuni. Kila jalada lipe mstari mmoja kwenye jedwali: taarifa ilifika lini, mtoto alionwa lini, alifika hospitali lini, rufaa ipi (yaani kumpeleka kwenye huduma nyingine) ilikamilika kweli, na shauri lilifungwa kwa sababu gani. Majina usiyaandike, namba ya jalada inatosha.

Andika na saa, maana tarehe peke yake inaficha mambo. Mtoto aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kumkinga na VVU ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomkinga vizuri. Kisha azimeze kwa siku 28. Msichana aliyevunja ungo anaweza kupewa dawa ya dharura ya kuzuia mimba hadi siku ya 5, nayo inataka kuwahi. Jalada linalosema "alipelekwa hospitali tarehe 14" halikuambii kama aliwahi.

Kwenye vikao tulizoea kusema wanakijiji wanachelewa kutoa taarifa. Jedwali langu la kwanza lilionyesha jambo jingine. Mama mmoja alifika kwetu asubuhi, tukampa barua, hospitali wakamrudisha polisi akachukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na aliporudi gari la mwisho lilikuwa limekwisha kuondoka. Siku nzima ilipotea mikononi mwetu sisi wenye ofisi. Vituo vya Mkono kwa Mkono viliwekwa kwa ajili ya hilo, ili polisi, tabibu na ushauri nasaha vipatikane mahali pamoja. Lakini kata nyingi ziko mbali navyo, kwa hiyo huko kazi ya kuwaunganisha inabaki kwetu, kwa simu na kwa miguu.

Hatua ya 2: Uliza maoni bila kumrudisha mtoto kwenye maumivu

Anayeuliza asiwe yule aliyeshughulikia shauri. Mlezi akiulizwa na afisa aliyemsaidia atajibu, "Tunashukuru, Mungu awabariki," na mazungumzo yataishia hapo. Ni heshima yake. Uliza mambo anayoweza kuyataja bila kumvunjia mtu heshima: Siku ile mlizungushwa wapi? Ni swali gani mliloulizwa zaidi ya mara moja? Nauli ilikuwa kiasi gani? Nini kilikaribia kukukatisha tamaa?

Kwa mtoto, pata ridhaa ya mlezi na ya mtoto mwenyewe, na usiliguse tukio kabisa. Mpe karatasi achore njia kutoka nyumbani hadi ofisini, kisha aweke alama pale alipoogopa. Mtoto mmoja aliiweka kwenye benchi la korido yetu, alipokuwa amekalishwa mbele ya watu wazima waliokuja kwa madai ya matunzo. Sisi tulipita kando ya benchi lile kila siku. Tulilihamisha wiki ileile.

Mtoto akitaja hatari mpya, weka karatasi ya maoni pembeni na umlinde kwanza.

Kumbuka pia kwamba maoni haya ni ya waliofika. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na takribani nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Waulize basi walimu wa malezi na wajumbe wa mitaa kinachowazuia watoto kufika.

Hatua ya 3: Pima matokeo mapya ya tafiti kabla ya kuyafuata

Sheria nazo hubadilika. Mwaka 2016 kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kilirekebishwa: mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kuiambia mahakama ukweli na si uongo. Utaratibu wa zamani wa hakimu kumhoji kwanza ili kupima ufahamu wake uliondolewa. Kwa hiyo tumia muda wa maandalizi kumwelewesha, kwa maneno anayoyatumia nyumbani, maana ya kuahidi.

Ukisoma utafiti, jiulize kama ulifanyika kwenye mazingira yanayofanana na yako, kama una watu wa kuutekeleza, na nani ataumia ukishindwa. Kama atakayeumia ni mtoto, nenda polepole.

Hatua ya 4: Badilisha jambo moja

Sisi tulianza na barua ya rufaa. Badala ya kumpa mlezi karatasi aende nayo peke yake, mhudumu wa afya ngazi ya jamii alimsindikiza, na afisa alipiga simu polisi na hospitali kabla hawajaondoka. Jaribu hivyo kwa mashauri 10 yanayofuata, ukipima saa zilezile za hatua ya 1. Ukibadilisha fomu, zamu na mafunzo kwa pamoja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Nauli ya msindikizaji itakusumbua. Ipeleke hoja kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, na uende na jedwali lako.

Hatua ya 5: Kikao cha mashauri

Mara moja kwa mwezi, mashauri 3 tu, na moja kati ya hayo liwe lililokwenda vibaya. Msimamizi aanze na la kwake. Asipofanya hivyo, wengine wataficha ya kwao.

Hatua ya 6: Rudisha majibu

Waliotoa maoni waambiwe kilichobadilika. Ukipiga simu, hakikisha kwanza anayeongea ni mlezi mwenyewe. Akipokea mtu mwingine, usitaje ofisi wala shauri: aga kwa adabu, ukate, na umtume mhudumu anayefahamika pale nyumbani.