Asidi bila maabara

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha sayansi sekondari ya msingi hapa Nairobi, usingoje maabara. Nunua kabeji ya zambarau sokoni, katakata robo yake, chemsha dakika 10, chuja. Maji hayo ndiyo kiashiria chako, yaani rangi yake inakuonyesha kitu ni asidi au besi, kinyume cha asidi: ukikamulia ndimu, ambayo ni asidi, yanakuwa mekundu, ukitia magadi yale ya kupikia kunde, ambayo ni besi, yanageuka kijani. Yachemshe asubuhi ile ile ya somo. Mimi niliwahi kubeba ya juzi, darasa zima likaziba pua.

Halafu vikombe vya maji hayo vigawe mwisho kabisa, ukishamaliza kueleza, kimoja kwa watoto 6. Ukivitoa mapema hakuna atakayekusikia tena. Magadi kaa nayo mwenyewe, hakosi wa kuyaonja.