Jinsi ya kuandika maisha ya babu aliyeacha shamba akafia vitani

Huku kwetu Malindi ukiuliza habari za babu fulani wa zamani unaambiwa "huyo alifia Bama" (Burma, Myanmar ya leo), basi, mazungumzo yameisha. Mtu kafyeka msitu, kapanda minazi, kaoa, kazaa, alafu kilichobaki ni jina la nchi ambayo hata hakuichagua. Naona si haki kabisa. Kwa hivyo nawaeleza namna ya kuyakusanya maisha yake mkayaandika, na msianzie vitani, anzieni shambani.

Shamba ndo kitu wazee wanakikumbuka vizuri. Ukienda kwa bibi ukamuuliza babu alizaliwa mwaka gani, hana jibu na mazungumzo yatapoa hapo hapo. Mpe shikamoo yake, kaa chini, muulize mipaka: shamba lilianzia wapi, lilipakana na nani, mwembe ule nani aliupanda, mnazi upi aliukuta na upi ni wa mkono wake. Pwani hapa mti na ardhi ni mali mbili, mtu anaweza kuwa na minazi yake kwenye ardhi ya mwingine na akaiweka rehani ardhi isiguswe, ndo maana wazee mpaka leo wanajua minazi ya nani ni ipi, na ukiifuata hiyo minazi mmoja mmoja utakuta majina ya ndugu zake, mashemeji zake, aliowadai na waliomdai. Andika yote hata kama unaona hayahusiani na vita.

Kama kwenu ni pande za Magarini au Jilore, au mlikuwa ng'ambo ya mto Sabaki, ulizeni sana habari za 1914. Mwaka mmoja baada ya viapo vya Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaapisha Wagiriama wasimtii Mwingereza, serikali ya Mwingereza iliwapiga Wagiriama, ikawatoa kwenye ardhi nzuri kaskazini ya mto ikawavusha kusini, na katika masharti ya kumaliza vita kulikuwa na faini ya rupia na vijana wa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Yaani yupo babu aliyepoteza shamba na akapelekwa kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi) kwa mkupuo mmoja, na huyo ukimwandika "alikwenda vitani" tu umemdhulumu, andika alipelekwa. Na wenye mashamba ndani ya zile maili kumi za pwani, kulikuwa na sheria ya 1908 ya kuandikisha madai ya ardhi, waliowahi wakapata karatasi na waliokosa ardhi ikahesabiwa ya serikali. Fungueni masanduku ya zamani muangalie, saa nyingine hati ya shamba ndo karatasi pekee yenye jina lake akiwa hai.

Sasa ujue ni vita gani, manake watu wanavichanganya. Vita vya Mjerumani ni 1914 mpaka 1918, hapo wengi walikuwa wapagazi wa kariakoo na wengine Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Mashariki, na walifia zaidi huko Tanganyika kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Vita vya Hitla ndo vya 1939 mpaka 1945: Keya walipigana na Mtaliani Uhabeshi 1941, wakaenda Bukini (Madagaska) 1942, alafu Bama 1944, wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua na malaria mpaka mto Chindwin. Kama hakuna anayejua mwaka, uliza hivi: ndege za Mtaliani zilipotupa mabomu hapa Malindi, alikuwa kashaondoka? Hiyo ni Oktoba 1940, na wazee wengi wameisikia kwa wazazi wao. Uliza pia kama kuna kipande kimebaki, kitambulisho cha Mwafrika enzi za mkoloni, kile kikopo kidogo cha bati chenye tundu la kamba, wanaume walikivaa shingoni na karatasi imekunjwa ndani. Ukikipata usilazimishe kukifungua kama kimeshika kutu, piga picha kwanza pande zote.

Ukishapata jina na vita ingia kwenye tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kutafuta ni bure. Jina lijaribu kwa kila namna karani Mzungu angeweza kulisikia: Karisa, Kalisa, Charisa, Kitsao bila t, na mara jina la baba ndo liko mbele. Ukipata utaona namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kufa na mahali jina lilipo. Wa Bama wasio na kaburi linalojulikana wako kwenye Rangoon Memorial, mnara wa kumbukumbu wenye majina karibu 27,000, ndani ya makaburi ya Taukkyan. Na kama familia inasema alizama baharini msidhani ni hadithi: Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, tarehe 12 ikapigwa torpido na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache na watu karibu 1,300. Hao majina yao yako hapa hapa Kenya, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi.

Wa kariakoo ndo wagumu, na inaniuma kulisema. CWGC wenyewe walikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile vya kwanza, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hivyo jina likikosekana haina maana babu hakwenda. Hapo nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, uombe ripoti za mwaka za DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, wa Malindi na Kilifi, utasoma vijana walivyochukuliwa, mavuno na njaa ya mwaka wake. Waislamu waulize pia daftari za kadhi, ndoa na mirathi.

Kwa Wagiriama uliza nani alimsimamishia koma, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, manake aliyefia mbali naye husimamishiwa nguzo yake nyumbani, au kigango, nguzo kubwa ya kuchongwa, kama alikuwa wa Gohu, chama cha wazee wa heshima. Piga picha lakini usiiweke mtandaoni na ramani ya mahali ilipo, wezi wameviiba vigango vingi wakaviuza ng'ambo.

Ukiandika, shamba lipewe kurasa nyingi kuliko vita, na kila habari useme nani kakwambia na lini. Jambo wazee wakibishana andika pande zote mbili. Toa nakala, moja ibaki kwa bibi, na umsomee yote kabla hujaipeleka popote, atakurekebisha majina.