Mtafiti akija kijijini, awe na la kujibu: mambo tuliyojifunza kwenye pilipili manga ya Amani

Watafiti si wageni kwetu Muheza. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti kule Amani mwaka 1902, na tangu hapo mlima haujakosa mtu mwenye daftari na vichupa vya wadudu. Babu yangu aliwabebea masanduku Waingereza waliokuja baadaye. Ukimuuliza masanduku yalikuwa na nini, jibu lake lilikuwa moja: "Majani." Majani yakaenda zake, babu akabaki na ujira wa kubeba.

Ndiyo maana mtu wa huku akisikia "ushirikiano na taasisi ya utafiti" anawaza semina, soda na nauli ya kurudia. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 17. Tunanunua pilipili manga mbichi vijiji vya juu, tunakausha, tunauza. Nitaeleza jinsi ya kumtumia mtafiti akufae, maana tumekosea vya kutosha hadi tukajua.

Anza na swali, usianze na shida. Mwaka wetu wa kwanza mnunuzi wa Tanga mjini alichota kiganja kimoja, akapuliza, akanusa, akarudisha ndani ya gunia. "Mama, hii imeota ukungu." Tukarudi na mzigo wote, nauli juu. Wiki iliyofuata tukaenda ofisi moja kuomba msaada. Msaada gani? Wowote ule. Basi tukapewa wowote: siku mbili za kufundishwa kuandika mchanganuo wa biashara, na pilipili iko ghalani inaoza.

Safari ya pili tulikwenda na karatasi yenye maneno haya: "Pilipili tunayokausha Januari inakaa. Ya Aprili inaota ukungu ndani ya wiki tatu. Tufanye nini ifike unyevu wa asilimia 12 wakati wa masika?" Hapo yule bwana aliinua macho, akavuta kiti. Swali la namna hiyo lina mlango wake. "Tusaidieni" haina mlango, inazungushwa tu kutoka meza hadi meza.

Sasa, swali kama hilo hulipati kichwani. Linatoka kwenye daftari. Letu ni la shule, la kurasa 96, lina safu nne: tarehe ya kuchuma, kilo mbichi, siku za kuanika, kilo kavu. Kwa pilipili manga, kilo 100 mbichi hukupa kama kilo 33 kavu. Ukipata 40 usishangilie, hayo ni maji, na maji ndiyo yatakayokuletea ukungu. Daftari ndilo lililotuonyesha kwamba mizigo ya masika yote ilikuwa mizito kupita kiasi. Sisi tulikuwa tunadhani tumebarikiwa.

Kuhusu milango. Mtendaji wa kijiji aanze kujua, kisha bwana shamba, maana bila hao barua yako haina miguu. Mambo ya udongo yapeleke Mlingano, hapa hapa Muheza, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Wengi wanakijua kwa mkonge tu, lakini udongo ni kazi yao pia. Mashine ndogo, vifungashio na mafunzo ya usindikaji ni SIDO, shirika la viwanda vidogo, na ofisi yao ya mkoa iko Tanga mjini. Ukitaka alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, mjasiriamali mdogo hupitia huko huko SIDO apate barua ya utambulisho. Usiruke hatua hiyo ukaenda Dar es Salaam kichwa kichwa. Chuo cha Sokoine, Morogoro, ndiko waliko watu wa sayansi ya chakula.

Na huko Morogoro ndiko kuna siri ambayo hakuna aliyetuambia: mwanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatafuta mada ya utafiti kama wewe unavyotafuta soko. Tulimwandikia mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja yenye lile swali letu na nakala ya kurasa nne za daftari. Akaja kijana mmoja, mpole, anasalimia kila mtu mpaka kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutufundisha au kujifunza?"

"Vyote, mama."

Tukampa chumba kwa mweka hazina, chakula, na pilipili ya kuharibu. Hili la mwisho ni muhimu. Ukimnyima mtafiti mali ya kuharibu, atakufanyia jaribio la vijiko viwili ambalo halikusaidii. Tulitenga kilo 60 mbichi, tukazihesabu zimekwenda.

Alianika kwa njia tatu: jamvi chini kama tulivyozoea, turubai jeusi, na kichanja cha mbao kilichofunikwa nailoni, huku na huku kumeachwa wazi upepo upite. Kila njia akaigawa mara mbili, nusu ya pilipili ikichovywa kwanza kwenye maji yanayochemka. Mama mmoja akaguna, "Unatupikia?" Lakini tazama kazi yenyewe. Unatia pilipili kwenye kikapu cha waya, unakizamisha, unahesabu polepole hadi 60, unakitoa. Kijani kinapauka mara moja. Ukimwaga juani, kabla ya adhuhuri ngozi imeshaanza kuwa ya kahawia, na jioni inakaribia weusi. Ile ambayo haikuchovywa inabaki na madoa madoa kwa siku kadhaa. Ya kichanjani iliyochovywa ndiyo iliyotangulia kukauka, nyeusi sawasawa, bila mchanga. Ya jamvini ilikuwa ya mwisho, na kuku walishapita juu yake. Mbishi wetu mkubwa sasa ndiye anayehesabu hadi 60, na hataki kusemeshwa.

Kijana huyo pia alitukataza kitu tulichokiamini. Bwana shamba alishatufundisha kupima mahindi kwa chumvi: unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, unatikisa, ukiona chumvi imeganda kwenye kioo ujue unyevu umezidi asilimia 15. Ni kipimo kizuri cha mahindi. Lakini pilipili ya asilimia 14 inapita mtihani huo huku ingali na unyevu kuliko inavyotakiwa. Tukachanga, tukanunua kipima unyevu. Kingine kilichotuamsha ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu: huioni kwa macho, na ukishaipata haiondoki kwa kuosha wala kupika. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya kunusa.

Maabara inataka sampuli, na hapa ndipo tulipoaibika. Mara ya kwanza tulichota juu ya gunia moja, lile zuri, tukafunga kwenye mfuko wa plastiki siku ya mvua, tukampa kondakta wa basi. Ulikaa siku nne kituoni. Matokeo yakasema mzigo wetu wote ni mbovu, na hatukuwa na la kujitetea. Fanya hivi. Chota kutoka magunia kadhaa, kila gunia juu, katikati na chini. Mwaga kwenye turubai safi, changanya, tandaza duara, gawa mafungu manne kama unavyokata mkate wa kumimina. Ondoa mafungu mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawa tena, mpaka ubaki na kama kilo moja. Tia kwenye bahasha ya karatasi, si plastiki. Andika tarehe na namba za magunia. Apeleke mtu, si basi.

Kuna mtafiti mwingine aliyewahi kuja kabla, wa taasisi nisiyoitaja. Alipiga picha, akachukua mifuko mitano, akatuuliza maswali ya saa tatu, akaondoka. Waja leo, waondoka leo, ndiyo Tanga yetu, lakini huyo alizidi. Hatukuona hata karatasi. Tangu hapo hatumfungulii mtu ghala bila makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mbele ya mtendaji: anachukua nini na kiasi gani, matokeo yatarudi mwezi gani, atakuja kuyasoma mkutanoni yeye mwenyewe, na picha zetu zitatumika wapi. Akiwa anatoka nje ya nchi, omba kuona kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Usione haya. Mwenye kibali hukionyesha kwa furaha, na asiyekuwa nacho ndiye anayenuna.

Fedha nitaigusa tu. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurejea 2024. Afisa maendeleo ya jamii akikuuliza mkopo ni wa nini, jibu "vichanja sita" na ripoti ya mwanafunzi mkononi, uone mazungumzo yanavyofupika. Na kama una fundi wa kuchomelea aliyebuni kitu, kama wetu aliyetutengenezea mashine ya kuambua vishada, mwambie kuhusu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mashindano hayo yalianza 2019, na wabunifu wa mtaani wasio na cheti wana kundi lao.

Jambo la mwisho dogo ambalo watu husahau. Kila sampuli inayotoka, ibaki pacha wake. Majibu yakija yasiyoeleweka, mnafungua pacha mbele ya wote. Wa mwezi huu yumo kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati langu, limezibwa kwa nta ya mshumaa, na mjukuu wangu ameandika ubavuni: USIPIKIE.