Namna ya Kumsaidia Mtoto Anayetumikishwa Nyumbani kwa Watu Mjini Malindi

Mtoto mponda kokoto au mvuvi wa samaki kila apitaye humwona. Lakini msichana aliyeletwa mjini kutoka Ganze au Bamba kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akafanywa yaya na mchota maji, hukaa nyuma ya mlango na kuitwa "mtoto wa jamaa". Kwa hiyo tazama kwanza kabla ya kusema. Kutumwa dukani, kufagia ua na kukuna nazi si kosa, kwani ndivyo watoto wote wa Pwani walelewavyo. Angalia kama huamka kabla ya watoto wenye nyumba na kulala baada yao, na zaidi ya yote, kama saa za masomo wenzake wako darasani naye yuko karoni akifua.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, alipwe asilipwe. Wa miaka 13 hadi 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Basi kauli ya "simlipi, namsaidia tu" haimwokoi mwajiri.

Ukiwa na hakika, usiende kugombana na mwenye nyumba, maana mtoto aweza kuhamishwa usiku huo huo hadi mji mwingine, na kumpata tena ikawa shida. Piga simu nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo ni ya bure mchana na usiku, au nenda kwa afisa wa watoto, ukaeleze mtaa, siku na saa za uliyoyaona bila kutia chumvi. Mtoto akiwa ana majeraha, nenda polisi mara moja.

Kumrudisha kwao ni nusu ya kazi, kwani njaa iliyomtoa ingali pale. Karo ya shule za msingi za umma ilifutwa mwaka 2003, ila sare na chakula bado humfukuza mtoto darasani. Changeni sare mapema, mumwone mwalimu mkuu pamoja na mzazi, na mfuatilie cheti cha kuzaliwa, ambacho huhitajika kumsajili kwa mitihani. Muhula ukifunguliwa, mmoja wenu aende akamwulizie shuleni.